Unga Mweupe na Ngozi ya Binti Yangu

Juu ya kabati la ofisi ya parokia palikaa kopo moja la bati muda wa miezi mingi. Kila nilipoinua macho kutoka katika daftari la ubatizo nililiona, na kila nilipoliona niliona haya. Ndani yake mlikuwa na unga mweupe, mweupe kuliko sembe, nao ni mzito mkononi kuliko unavyodhani ukiutazama. Nataka kuwasimulia wasomaji habari za unga ule: jinsi nilivyoupata, hasara iliyotokea, na yale niliyojifunza baadaye juu ya namna unavyotengenezwa. Najua zipo nyumba nyingine vijijini zenye mtoto kama wangu. Huenda hivi sasa yuko baba mahali fulani anakoroga kitu katika bakuli kama nilivyokoroga mimi.

Binti yangu wa pili ana ualbino. Alipozaliwa, miaka tisa iliyopita, wazee kadha wa kadha walimtazama mke wangu kwa jicho baya, na maneno yalisemwa ambayo sitayaandika hapa. Mimi nilisoma chuo cha ualimu kabla ya kuja kushika kalamu ya parokia, basi niliwaeleza kama nilivyofundishwa: hali hii hurithiwa kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wote wawili, hata wakiwa weusi kama mkaa, huweza kuibeba bila kujua, na kwa kila mimba nafasi ya kumpata mtoto wa namna hii ni moja katika nne. Nikawaambia, "Mkitafuta mwenye kosa, nusu yake mimi." Wakanyamaza, ingawa sidhani wote waliridhika.

Ngozi ya mtu ina rangi iitwayo melanini, nayo ndiyo mwavuli wake wa kuzaliwa nao. Mtoto mwenye ualbino hana mwavuli huo, au anao mdogo sana. Jua humwunguza upesi, na akiungua mara kwa mara huja vidonda, na katika vidonda hivyo huweza kuja saratani ya ngozi, hata angali kijana. Jambo hilo nililijua. Lakini kujua jambo na kujua la kufanya ni vitu viwili.

Mwaka ule binti yangu alichaguliwa kuwa miongoni mwa watoto wa kurusha maua katika maandamano ya Ekaristi. Alifurahi mno! Usiku alilala na kikapu chake kando ya mto wa kulalia. Mke wangu aliniuliza, "Baba, na jua je?" Nikamjibu, "Niachie mimi." Dawa ya kupaka tuliyokuwa nayo ilikwisha, na safari ya kwenda kliniki ilitaka nauli na siku nzima. Tena nilikuwa na ujuzi wangu wa chuoni. Nilikumbuka kwamba katika mafuta mengi ya kukinga jua kinachofanya kazi ni unga wa zinki, yaani zinki iliyoungana na oksijeni. Nikajiambia, kama ni unga tu, kwa nini nisichanganye mwenyewe?

Ninaye rafiki mjini, fundi wa vikombe na sahani za udongo, zile zenye kung'aa kama kioo. Siku moja alinionyesha makopo yake: hili chokaa, hili mchanga mwembamba, hili zinki. Zinki huitia katika rangi ya kupaka juu ya kikombe, nayo ikiingia tanurini husaidia rangi kuyeyuka na kuwa laini. Nikamwendea, naye akanipimia kopo langu kwa moyo mweupe. Hakujua ninachotaka kufanya, nami sikumwambia, maana nilitaka kuonekana mtu wa maarifa.

Asubuhi ya maandamano nilichukua mafuta ya nazi, nikatia unga, nikakoroga kwa mwiko. Yakawa meupe kama rangi ya ukuta. Nikampaka mtoto usoni, shingoni na mikononi mpaka akawa kama sanamu ya plasta. Wenzake wakamcheka kidogo, naye akacheka pia. Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa sita, ukungu umetanda milimani kwetu Upare, na baridi ya kutosha kuvaa sweta. Moyo wangu ukatulia. Nikaona weupe ule nikadhani naona ngao.

Maandamano yalianza saa 4, na mpaka kuzunguka vituo vyote na kurudi kanisani ilikuwa saa 7 imepita. Jioni mtoto alianza kulia. Shingo yake kwa nyuma ilikuwa nyekundu, mikono vile vile, na kufika asubuhi malengelenge yalikuwa yamesimama. Kilichonishangaza ni mfano wa majeraha yale. Hayakuenea sawasawa. Yalikuwa mabaka mabaka, kama ramani: hapa pamepona kabisa, kando yake upana wa kidole pameungua. Nilitazama katika bakuli nililokorogea. Mafuta yalikuwa juu, na unga umelala chini kama tope la mto, umefanya madonge.

Mke wangu hakunilaumu kwa neno lolote. Ingekuwa afadhali angesema.

Tulikwenda kliniki ya ngozi. Mtoto alitibiwa, na namshukuru Mungu majeraha yalipona bila kuacha kidonda cha kudumu. Kulikuwa na mchanganya dawa mmoja, mama wa makamo, mpole. Nikamtolea kopo langu, maana nililibeba katika mfuko. Akachukua unga kidogo, akausugua kati ya vidole viwili, akaniuliza, "Mwalimu, huu umeutoa wapi?" Nikamwambia kweli yote. Hakucheka. Alisema, "Ni zinki kweli. Lakini hii ni zinki ya kikombe, si zinki ya ngozi." Halafu akanieleza jambo ambalo chuoni sikuambiwa.

Unga wa zinki unaotumiwa na wafinyanzi mara nyingi huchomwa kwanza kwa moto mkali kabla ya kuuzwa. Sababu yake ni hii: unga mwembamba sana hunywa maji mengi, na rangi iliyotiwa unga huo, ikikauka juu ya kikombe, hujikunyata na kupasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi. Tanurini rangi hiyo hukusanyika huku na huku, ikaacha mapengo wazi. Basi huuchoma ili punje ndogo zishikamane na kuwa punje kubwa, zisizojikunyata. Kumbe! Mfinyanzi ameharibu kwa makusudi wembamba ule ule ambao mpaka mafuta anautafuta kwa gharama kubwa. Tena unga wa kazi za viwanda huweza kuwa na risasi na takataka nyingine za madini ndani yake, kwa kuwa haukusafishwa kwa ajili ya kugusa mwili wa mtu. Niliposikia neno risasi nilishikwa na baridi.

Nilirudi nyumbani nikamweleza bibi yangu mzaa mama. Yeye ni mfinyanzi tangu ujana wake, kama walivyo wanawake wengi wa Upare wa rika lake, na hata sasa, mgongo umepinda, hufinyanga chungu akitaka. Alisikiliza, kisha akasema, "Mume wangu, wewe umesoma, lakini ungeniuliza mimi habari za unga." Akachukua udongo mkavu uliotwangwa, akautia katika ndoo ya maji, akakoroga kwa nguvu. "Tazama," akasema. Akahesabu taratibu kama mtu asaliye rozari, kisha akamimina maji ya juu katika chombo cha pili. Chini ya ndoo ulibaki mchanga na vijiwe. Akangoja tena, akamimina katika chombo cha tatu. Siku ya pili, chini ya chombo cha tatu palikuwa na udongo laini kama siagi, ambao ukiupaka juu ya chungu kibichi na kuusugua kwa kokoto hung'aa. "Udongo ni mmoja," alisema. "Lakini huu wa chini ni wa ukuta wa chungu, na huu wa mwisho ni wa uso wake."

Sikuwahi kusikia mwalimu aliyeeleza vizuri kuliko hivyo. Punje kubwa huzama upesi, punje ndogo huchelewa. Viwandani pia hutenganisha punje kwa njia iyo hiyo, isipokuwa badala ya kungoja huzungusha chombo kwa kasi kubwa ili kuharakisha kuzama.

Sasa nieleze kwa nini wembamba una maana. Nilipokuwa nafundisha nilipenda kutumia kipande cha sabuni. Fikiri una kipande chenye sentimita 1 kila upande. Ngozi yake, yaani eneo la nje, ni sentimita 6 za mraba. Kikate vipande vya milimita 1: umepata vipande 1,000, na eneo lote pamoja limekuwa sentimita 60 za mraba. Sabuni haikuongezeka hata chembe. Endelea kukata mpaka kila kipande kiwe na nanomita 100. (Nanomita 1,000,000 ni sawa na milimita 1, usijaribu kwa kisu.) Hapo eneo lote limefika mita 60 za mraba, yaani sakafu ya darasa la mita 10 kwa 6. Kipande kimoja cha sabuni kimetandika darasa zima! Ndivyo unga kidogo unavyoweza kufunika ngozi yote ukiwa mwembamba, na ndivyo unga wangu ulivyoshindwa. Kati ya donge na donge palikuwa wazi, na jua lilipita pale.

La pili ni la weupe. Punje ya karibu nanomita 200 au 300 hutawanya sana nuru tunayoiona kwa macho, kwa hiyo huonekana nyeupe. Ndiyo maana inafaa kwa rangi ya ukuta. Punje ikipungua mpaka nanomita 50 au chini yake, nuru ya macho hupita bila kutawanyika sana, na mafuta yakipakwa karibu hayaonekani. Lakini miale inayounguza, ile iitwayo urujuanimno, bado inakamatwa. Miale hiyo hatuioni. Ile mikali kati ya nanomita 280 na 315 huunguza upesi. Ile ya kutoka hapo mpaka 400 hupenya ndani zaidi na kuharibu polepole. Zinki huikamata yote hata kupita 370. Wengi husema punje hizi hurudisha miale kama kioo. Kwa sehemu ndogo ni kweli, lakini kazi kubwa ni kuimeza miale na kuigeuza joto, dogo hata mtu halisikii. Basi uso mweupe kama plasta haukuwa dalili ya kinga. Mafuta yasiyoonekana yangemlinda mtoto kuliko yale yangu ya kuchekwa.

Na ukungu je? Ubaridi haukuwa kivuli. Urujuanimno haina joto la kuhisiwa, nayo hupenya mawingu membamba na ukungu. Tena mtu akipanda mlimani inazidi: kwa kila mita 1,000 huongezeka kadiri ya sehemu 10 katika 100. Sisi wa milimani tunadhani jua kali ni la watu wa pwani!

Tangu hapo nimesoma kila nilichopata juu ya kutengeneza unga huu. Mke wangu husema nimekuwa fundi wa kopo.

Njia ya zamani kabisa ya viwandani huitwa njia ya Kifaransa. Kule Paris, miaka ya 1840, fundi wa kupaka rangi nyumba aitwaye Leclaire aliona wafanyakazi wake wanaugua kwa sumu ya risasi, kwa kuwa rangi nyeupe ya siku zile ilitengenezwa kwa risasi. Akashika zinki badala yake, akaitengeneza kwa wingi. Napenda habari za mtu huyo kwa sababu alianza na ugonjwa wa watumishi wake, si na faida. Njia yenyewe ni hii. Zinki huyeyushwa katika chungu cha moto. Huyeyuka karibu nyuzi 420, lakini moto huzidishwa mpaka zinki yenyewe ichemke na kutoa mvuke, kwenye nyuzi 907. Mvuke huo ukikutana na hewa huwaka wenyewe, na moshi wake ndio unga mweupe. Feni huuvuta katika mabomba marefu mpaka upoe, nao hunaswa katika mifuko ya kitambaa. Moshi ukipozwa upesi na hewa nyingi, punje hukoma kukua zingali changa. Ukicheleweshwa katika moto, punje hugongana, hushikana, hunenepa. Yaani ukubwa wa punje hukatwa katika kitambo kidogo sana, kati ya mwali na bomba.

Njia ya pili ni ya maji. Chumvi ya zinki huyeyushwa katika maji safi, kisha humiminwa kitu cha jamii ya magadi, na papo hapo hutokea ukungu mweupe ndani ya maji, kama maziwa. Huoshwa mara nyingi, hukaushwa, na kupashwa moto wa kiasi. Neno kubwa ni hilo la kiasi. Moto ukizidi, tumerudi kwa zinki ya vikombe.

Ya tatu ni kusaga. Kinu chake si cha kutwanga. Ni pipa lililojaa gololi ndogo, pamoja na unga uliolowekwa katika maji au mafuta, nalo huzungushwa mpaka gololi zipondeponde madonge. Gololi hizo lazima ziwe ngumu mno, ama sivyo zitasagika zenyewe na kuchafua unga. Nzuri sana hufanywa kwa udongo wa kiufundi unaoitwa zirkonia. Nilifurahi kulijua hilo: ufinyanzi umepewa unga wa zinki kwa ajili ya vikombe, nao umelipa kwa gololi za kusagia unga wa ngozi.

Ndugu yake zinki katika kazi hii ni titani. Aliyeigundua mwaka 1791 alikuwa mtumishi wa kanisa la Kianglikana kule Cornwall, Uingereza, William Gregor, aliyeokota mchanga mweusi katika kijito karibu na Manaccan akauchunguza nyumbani kwake. Sisi makarani wa parokia tungeweza kuwa na mazoea mabaya kuliko hayo. Titani ikiungana na oksijeni hutoa unga mweupe kupita wote, unaotumika katika rangi za ukuta, na ukifanywa mwembamba zaidi, katika mafuta ya jua. Lakini unga huo ukipigwa na jua unaweza kuanza kuchokoza na kuharibu vitu vinavyougusa. Kwa hiyo kila punje huvalishwa koti jembamba la alumina au silika kabla haijatiwa katika mafuta. Fikiri kuvalisha koti kitu ambacho jicho haliwezi kukiona!

Mchanga wa titani haukuwa mbali nasi. Kule Kwale, kusini mwa Mombasa, ulichimbwa kwa miaka kama kumi: meli ya kwanza iliondoka mwaka 2014, na uchimbaji ulikoma mwisho wa 2024. Katika mchanga ule mlikuwa na madini ya titani, na pamoja nayo zirkoni, ambayo husagwa vizuri na kutiwa katika rangi ya marumaru za sakafuni na masinki ya choo ili ziwe nyeupe. Mchanga ulipakiwa Likoni ukaenda ng'ambo. Sisi tulinunua marumaru na rangi zilizorudi. Sisemi mengi juu ya hilo, ila mtu akiona choo cheupe cha hotelini akumbuke kwamba weupe wake huenda ulitoka katika mchanga wa jirani zake.

Kwa upande wa mafuta yenyewe nina habari njema zaidi. Pale Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, kuna karakana ya kutengeneza mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ilianzishwa na mfamasia kutoka Hispania, Mafalda Soto Valdés, na kampuni ya BASF ya Ujerumani imeisaidia kwa malighafi na ujuzi. Baadhi ya wafanyakazi wake wenyewe wana ualbino. Mafuta hayo yamekuwa yakigawiwa bure kwa njia ya kliniki. Nilipomweleza bibi alitaka kujua jambo moja tu: kama wanaoyachanganya wanajua ngozi inavyouma. Nikamwambia, baadhi yao wanajua kuliko sisi.

Yule mama mchanganya dawa alinionyesha pia kwa nini mwiko wangu haukufaa. Punje nyembamba hupendana, hushikana kama unga wa muhogo uliomwagwa ghafula katika maji ya moto. Haitoshi kuwa na unga mwembamba; lazima kila punje iloweshwe peke yake, kwanza kwa mafuta kidogo, kwa mashine yenye nguvu, kisha uongezwe mchanganyiko wa kuzishika zisizame. Chupa ikikaa mwezi mzima, tone la juu na tone la chini lazima yawe sawa. Nyumbani hatuwezi, na wala tusijaribu. Vumbi lake pia si la kuchezea: unga mwembamba hivyo ukiingia mapafuni ni hatari, na huko viwandani wafanyakazi hufunika pua na mdomo. Ukiwa ndani ya mafuta, juu ya ngozi nzima isiyo na jeraha, hukaa katika tabaka la juu lililokufa, na baadaye huoshwa.

Tena yako mambo ya kupaka. Chupa ikiandikwa 30, maana yake ni kwamba inapita sehemu moja tu katika 30 ya miale inayounguza. Lakini kipimo hicho kilifanywa kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba, na watu wengi hupaka nusu yake, au robo. Sisi maskini hubania ili chupa ifike mwisho wa mwezi, na hapo kinga hupungua sana. Kwa mtu mzima mwili wote wataka kama mililita 30, na kila baada ya saa mbili arudie, na akitoka jasho mapema zaidi. Nani ana mafuta ya kiasi hicho kila siku? Kwa hiyo nguo ni kwanza: mikono mirefu, kitambaa kilichoshonana, kofia yenye ukingo mpana pande zote, si ile ya mbele tu inayoacha masikio na shingo. Mafuta ni kwa sehemu zilizobaki. Na kutoka saa 4 asubuhi mpaka saa 10 alasiri, kivuli.

Nilikwenda shuleni kumwomba mwalimu mkuu amkalishe binti yangu mbali na dirisha lenye jua, tena mbele, kwa kuwa macho yake hayaoni mbali. Alikubali mara moja. Kuhusu kuimba gwaride uwanjani saa 5 hakukubali upesi, tulisemezana. Sasa husimama chini ya mwembe pamoja na mshika ngoma, na mwezi uliopita watoto wengine watatu walidai kwamba nao jua linawadhuru.

Mwaka uliofuata Paroko alisogeza maandamano yaanze saa 1 asubuhi. Wazee walinung'unika juu ya umande. Binti yangu alirusha maua akiwa na mikono mirefu na kofia ya majani aliyoshonewa na mama yake, na uso wake umepakwa mafuta ya kliniki, hata hayaonekani. Mimi sikuweza kusali vizuri. Nilikuwa natazama shingo yake njia nzima.

Kopo halipo tena juu ya kabati. Nililirudisha kwa fundi wangu wa vikombe, nikamwambia mwisho wake yote niliyomficha mwanzo. Alikaa kimya, akanisukumia kigoda. Kisha akasema, "Ungeniuliza, mwalimu." Ni neno lile lile la bibi. Wiki tatu baadaye alipita nyumbani na kikombe cheupe kilichopakwa rangi yenye zinki ile ile, kina vitundu viwili vidogo karibu na mkono wake, kwa ajili ya mtoto. Bibi alikigeuza chini juu, akakigonga kwa ukucha, akasema kimeiva. Binti yangu hunywea uji asubuhi, na akimaliza hukiosha mwenyewe. Hataki mtu mwingine akiguse.